Tawi Ambalo Virginie Hakupewa

Adélaïde alikuwa na ugonjwa mmoja, na kila aliyemfahamu pale Bukavu aliujua: hakuweza kuvumilia kuona kitu kikitupwa. Makopo ya maziwa, kamba za magunia, vifuniko vya chupa, vyote vilipata pa kulala nyumbani kwake Kadutu. Kwenye ofisi ya misitu alikokuwa mpiga chapa, wenzake walimtania kwamba siku akifa jeneza lake litashonwa kwa mifuko ya sukari. Alicheka pamoja nao, kisha jioni akaiokota ile mifuko.

Basi Ijumaa moja ya mwisho wa Kwaresima alifika kazini akamkuta mlinzi, Donatien, anafyeka ua wa sipre uliozunguka ofisi tangu enzi za Wabelgiji. Ua huo, uliokuwa mzito kiasi cha kuzuia hata mbuzi, ulikuwa umeanza kugeuka kahawia upande wa ndani. Agronome Gérard, mkuu wa ofisi, alisimama kando na mikono kiunoni.

"Yote inachomwa leo," Gérard alisema. "Kuko kadudu kadogo kanatoka pande ya Burundi. Kananyonya maji ya sipre mupaka inakauka. Hata tawi moja haitoke hapa, Maman Adélaïde. Umesikia?"

"Nimesikia, chef."

Na kweli alisikia. Ubaya wote uko hapo. Mtu ambaye hakusikia anaweza kulala usingizi wake. Adélaïde alisikia vizuri, kwa masikio yake mawili, lakini macho yalikuwa yamekwisha kuondoka na kwenda kwenye rundo. Upande wa barabara matawi yalikuwa bado mabichi, mazito, yananukia vizuri, na Jumapili iliyokuwa mbele ilikuwa Jumapili ya Matawi.

Kule Cahamba, kilima kilicho juu ya Nyantende, nyumbani kwa marehemu mume wake Venant, matawi yalikuwa shida ya kila mwaka. Michikichi haioti kwenye baridi ile. Watu walikuja kanisani na majani ya migomba, na padri alikasirika akasema kwamba Bwana Yesu aliingia Yerusalemu, hakuingia kwenye kiwanda cha kasiksi, pombe ya ndizi. Na jambo la kuchekesha, kama si la kuliza, ni kwamba kilima kizima kilikuwa kimejaa sipre. Lakini sipre zile zilikuwa za kanisa. Zilipandwa ziwe mbao za paa lake, na katekista Polycarpe, mkuu wa komite ya paa hilo, alikataza mtu yeyote kuzigusa, kwa sababu tawi likikatwa ovyo huacha kovu kwenye mbao.

Kwa hiyo Adélaïde aliyatazama matawi yanayongoja moto akajiuliza kwa nini kitu cha kuchomwa saa sita kisibarikiwe badala ya kuchomwa. Aliyakung'uta. Hakuona mdudu. Gérard alipoingia ofisini kupokea wageni, Adélaïde alimwomba Donatien amjazie magunia, na Donatien, ambaye hakupenda kabisa kazi ya kuchoma vitu vibichi, aliyajaza kwa moyo mkunjufu. Papa Emile, mwenye kamiyoneti iliyobeba mizigo ya Nyantende, aliyapandisha kesho yake bila kudai kitu, kwa kuwa yalikuwa ya kanisa. Mikono ya Adélaïde ilibaki na unatounato kama wa asali. Aliisugua kwa sabuni, ikasugulika kidogo, akafikiri ni utomvu.

Kabla ya kufika hiyo Jumapili yenyewe, lazima msomaji ajue habari za Virginie.

Virginie alikuwa dada mkubwa wa Venant, kwa hiyo wifi yake Adélaïde, na shamba lake lilikuwa katikati ya kilima. Wakati wa salongo, ile kazi ya Jumamosi ambayo kila raia wa Zaïre alitakiwa kuifanyia nchi, Adélaïde ndiye aliyeileta sipre Cahamba. Miche ilitoka kwenye kitalu cha ofisi yao. Wengine kwenye komite walitaka kuchanganya: grevilia kwa ajili ya kuni, mushebeye kwa ajili ya rutuba, avoka, yaani parachichi, kwa ajili ya watoto, sipre kidogo. Adélaïde alisimama akawapa somo. Paa, alisema, linataka mbao za urefu mmoja. Miti ya aina moja inakua pamoja na kuvunwa pamoja, wapasua mbao wanapanda mlima mara moja tu na msumeno wao, bei inajulikana. Ukichanganya, mti mwepesi wa kukua unamfunika mzito, na yule mzito anapinda shingo akitafuta jua, na siku ya kukata unaangusha mmoja unavunja watatu. Hakudanganya hata neno moja. Kuna jambo lingine lililosemwa pale ofisini, kwa sauti ndogo, kwamba miti ya aina moja ikiugua inaugua pamoja pia, lakini miche ya bure ilikuwa sipre na mikaratusi, na Adélaïde hakuona sababu ya kuwachosha watu.

Wote walikubali kutoa ardhi yao, Venant naye, isipokuwa Virginie. "Paa haikuliwe," alisema, akarudi kwenye jembe lake.

Kwa hiyo msitu ulikua ukiwa na tundu katikati, kama kiraka cha rangi nyingine kwenye makalio ya suruali. Pembeni pote sipre zilisimama zimenyooka kama watoto wa komunyo ya kwanza. Katikati kulikuwa na fujo ya Virginie: avoka, grevilia, mushebeye, mikaratusi miwili, migomba, miti ya ua iliyojiotea, na sipre chache alizopanda nyuma ya jiko ili kukinga upepo. Gérard alipoleta wageni kuupiga picha msitu, mgeni mmoja aliuliza kile kiraka ni cha nini, na Adélaïde aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Kuanzia siku ile mawifi wakawa wanasalimiana tu. Kisha Venant akafa, na kwenye matanga, mbele ya watu wote, Virginie alisema akilia: "Kaka yangu amekufa na njaa, anatazama miti ya watu."

Venant hakufa na njaa. Alikufa na ini. Lakini neno lile lilimwingia Adélaïde likakaa humo, na hakulitoa.

Jumapili ya Matawi, basi, Adélaïde alisimama mlangoni mwa kanisa dogo la Cahamba akiwa na magunia yake, amevaa kitenge kipya, anagawa. Watu walimshangilia. Wamama walimpigia vigelegele, Polycarpe alimwita mama wa matawi, hata padri, aliyefika na pikipiki yake amejaa vumbi, alisema kwamba mwaka huu angalau punda wa Bwana atakanyaga kitu cha heshima. Mstari ulisogea. Mkono ukinyooshwa, tawi linawekwa. Mkono, tawi. Mkono, tawi.

Ukaja mkono wa Virginie.

Adélaïde aliuona. Aliziona kucha zilizochakaa, aliiona pete ya shaba ya mama yake Venant, akaliona na tawi lililokuwa mkononi mwake mwenyewe, zuri, lenye vijimbegu. Akalipitisha juu ya bega la Virginie, akampa Maman Georgette aliyekuwa nyuma. Alifanya hivyo akitabasamu, kana kwamba pale mbele palikuwa na nguzo. Mkono wa Virginie ulikaa hewani kitambo kidogo, kisha ukarudi ndani ya kitenge, na mwenyewe akaingia kanisani mikono mitupu. Na Adélaïde, acha niseme ilivyokuwa, alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri misa nzima.

Baada ya misa watu walifanya kama wanavyofanya kila mwaka. Tawi la baraka lilichomekwa kwenye paa la nyumba kuzuia radi, lingine kwenye pembe ya shamba kuzuia mvua ya mawe. Na kwa kuwa mwaka ule matawi yalikuwa mengi, Polycarpe akasema haifai nyumba zao zilindwe halafu paa la Mungu liachwe wazi. Wakaenda kwa maandamano, wakiimba, wakafunga matawi kwenye mashina ya sipre za kanisa, pande zote za kilima. Adélaïde alitangulia mbele.

Mvua zilipokatika, sipre za pembeni zilianza kuwa kahawia ndani, karibu na shina, kwa siri, kama jino linalooza. Watu walisema ni jua. Mwezi wa nane matawi ya chini yalikauka, na ukishika jani vidole vilinata, na sisimizi walipanda na kushuka wakilamba. Mvua ziliporudi kila kitu kilirudi kijani isipokuwa sipre. Kutoka barabara ya Nyantende uliona kilima kizima chekundu kama kutu, na katikati yake, kibichi, kinang'aa, kiraka cha Virginie.

Adélaïde alikiona kutoka kwenye kamiyoneti ya Papa Emile, akageuza uso. Alijua. Alijua tangu ule unatounato wa kwanza, na katika miezi yote ile alikuwa amejisemea kwamba kadudu kana mabawa, kamefika peke yake, kangefika tu. Huenda hilo nalo ni kweli. Halikumsaidia. Ofisini kila Gérard alipotaja sipre, yeye aliinamia mashine yake na kupiga kwa nguvu zaidi.

Halafu siku moja Maman Georgette alishuka mjini kuuza maharage, akapita kwake, akaketi, akakataa hata chai.

"Maman Adélaïde, kule kwetu kumeharibika," alisema. "Banasema Virginie njo alitia dawa mu miti. Bote wamekauka, yeye peke hapana. Na banakumbuka siku ya Matawi alikataa tawi ya baraka. Mutu mwenye kukataa baraka anatafuta nini?"

"Nani anasema alikataa?"

"Bote tuliona. Alipita bila tawi. Hata miye nilikuwa nyuma yake." Georgette alikunja ncha ya kitenge chake. "Jumapili kisha misa batakaa. Banataka aende Bunyakiri, kwa Yolande mutoto wake. Na shamba lake likatwe."

 Akilini Adélaïde alimwona Virginie akipanda gari la Bunyakiri na sufuria zake kichwani, mwanamke ambaye hajawahi kulala nje ya kilima kile isipokuwa kwenye uzazi, anapelekwa kwenye nyumba ya mkwe, na jina la mchawi limemtangulia. Halafu akauona ule mkono tena. Kuanzia hapo hakuacha kuuona. Aliuona kwenye kila mkono uliomnyooshea karatasi ofisini.

Alichofanya ni kile anachofanya mtu mwoga mwenye akili: alitafuta mtu mwingine wa kusema kwa niaba yake. Alimsihi Gérard apande Cahamba Jumapili ile awaeleze watu habari za mdudu. Gérard, ambaye alikuwa mtu mwema na alipenda kueleza, alikubali mara moja.

Waliketi uwanjani mbele ya kanisa. Virginie alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakaa pembeni, mikono ndani ya kitenge. Hakusalimia mtu na hakuna aliyemsalimia. Polycarpe alisimama kwanza. Si mtu mbaya Polycarpe. Ndiye aliyebeba maji kwa ndoo kuinywesha ile miche ilipokuwa midogo. Kisha akampa Gérard nafasi.

Gérard alikata tawi lililokufa nusu, akaligonga juu ya leso yake nyeupe, akaipitisha. Vidudu vya rangi ya majivu vilitembea pale, vizito, vya kivivu. Watu waliinama kutazama.

"Njo haka," Gérard alisema. "Kako Burundi, kako Rwanda, sasa kako kwetu. Hapana dawa ya mutu. Ni kadudu."

"Sawa, chef, ni kadudu," alisema Papa Benoît, mpasua mbao. "Sasa nani alikatuma?"

"Hakuna mutu alikatuma. Upepo unakabeba."

"Na ule upepo, nani aliuambia usiingie kwa Virginie?"

Watu walicheka, kicheko kikavu. Gérard alivua miwani akaifuta. "Kwa Virginie kuko miti ya kila namna. Kadudu kanatafuta sipre, kanakuta avoka, kanakuta grevilia, kanapotea njia. Na ndege na badudu bengine benye kukakula biko mingi mule. Hapa kwenu kalikuta meza imetandikwa. Hata yeye sipre moja imekauka, nyuma ya jiko. Muende muone."

"Moja," Benoît alisema. "Siye mlima muzima."

"Chef, tunakuheshimu," Polycarpe alisema polepole. "Lakini kuko neno weye haulijue. Siku ya Matawi kila mutu hapa alishika tawi ya baraka. Yeye peke alikataa. Na yeye peke miti yake iko nzima. Sasa utuelezee hiyo."

Gérard alivaa miwani yake. Macho yote yakamgeukia Virginie. Angeweza kusema sikukataa. Neno moja tu. Hakulisema. Alimtazama Adélaïde, si kwa hasira hata, alimtazama kama mtu anayemngojea mwenzake amalize kufunga mzigo ili waondoke.

Adélaïde alisimama. 

"Njo miye," alisema. "Ile matawi ya Matawi niliitoa ku biro yetu, ku ua yenye ilikuwa na bugonjwa. Chef aliniambia yote ichomwe, hata moja isitoke. Nilisikia. Niliona ni hasara kuichoma. Nikaileta. Siye wenyewe tuliifunga ku miti, mutakumbuka, na miye nilikuwa mbele. Mikono yangu ilinata, na sikusema."

Gérard aliigeuza shingo taratibu, akamtazama mpiga chapa wake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Minong'ono ilipita uwanjani. Adélaïde alingoja mawe. Badala yake Polycarpe alimsogelea, akamshika bega kwa upole.

"Kaa, Maman. Huzuni imekuchokesha. Ile matawi padri aliinyunyizia maji ya baraka. Kitu ya baraka inaweza kuleta bugonjwa?"

"Anamufichia wifi yake," mama mmoja alisema nyuma. "Ana roho muzuri."

"Roho muzuri kabisa," mwingine aliitikia.

Hapo ndipo Adélaïde alipoona amefika chini kabisa. Amekiri, na wanamsifu. Benchi lilikuwa nyuma ya magoti yake, lingempokea. Angeketi, angekuwa amesema, angeweza kujiambia maisha yake yote kwamba alisema na hawakusikia. Na alichosema kilikuwa nusu nyepesi. Ujinga, pupa ya kuokota vitu, hayo yanasameheka, yanachekwa hata. Nusu nyingine ilikuwa bado tumboni, na ndiyo iliyokuwa inampeleka Virginie Bunyakiri.

"Hakukataa," alisema.

"Nani?"

"Virginie. Hakukataa tawi. Alinyoosha mukono. Miye nilimupita." Alinyoosha mkono wake mwenyewe, akawaonyesha. "Nilimuona. Hapana kusema sikumuona, nilimuona muzuri, na pete yake. Nikapitisha tawi juu ya bega yake, nikamupa Georgette. Sababu ya neno alisema ku matanga ya Venant. Nilitaka bantu bamuone yuko mikono butupu."

Georgette aliweka kiganja mdomoni. "Kweli," alisema. "Miye nilipokea juu ya bega. Nilifikiri yeye hapendi."

Hakuna aliyesogea. Kadudu hawakukaamini, upepo hawakuuamini, lakini chuki ya mawifi waliiamini papo hapo, maana kila mmoja alikuwa na yake nyumbani. Nyuso zilibadilika moja baada ya nyingine. Benoît aliitazama leso ya Gérard iliyokuwa bado magotini pake, akaikunja haraka akairudisha. Polycarpe aliuondoa mkono wake kwenye bega la Adélaïde, na ule upande wa bega ukawa baridi.

"Basi," Polycarpe alisema baadaye. "Basi, tuende nyumbani. Jua imekuwa kali."

Hakuna aliyemwomba Virginie radhi. Watu walijifanya wanatafuta watoto wao, wakasambaa. Virginie alikichukua kigoda chake, akapita mbele ya Adélaïde, akaenda zake kwenye kiraka chake kibichi, na Adélaïde hakuthubutu kumwita.

Gérard hakumfukuza kazi. Walishuka mjini kwa gari lake, na walipofika chini alisema tu, "Niliuliza kama umesikia." Kuanzia siku ile akitaka jambo la maana lifanyike ofisini, alimwambia mtu mwingine.

Sipre zilikatwa kabla hazijaoza. Lakini kila kilima kilikuwa kinakata sipre zake kwa wakati ule ule, na mbao zikarundikana barabarani mpaka wanunuzi wakawa wanapita wakipiga mluzi. Kanisa lilipata kidogo cha kurekebisha upande wa altare. Upande wa waumini ulibaki na boriti zake zilizoliwa na mchwa, na mvua ikinyesha watu wanabanana mbele, jambo ambalo padri alisema limeongeza ibada.

Komite ilipokaa kuamua nini kipandwe, Gérard aliwashauri wachanganye: mstari wa grevilia, mstari wa mushebeye, sipre chache mbalimbali, mikaratusi juu kabisa kwenye mgongo wa kilima. Benoît alinung'unika. Msumeno haupandi mlima kwa ajili ya miti mitatu, alisema, na nani atakumbuka upi unakatwa mwaka gani, na paa hilo litaezekwa na wajukuu. Hakukosea. Wakamgeukia Virginie, mara ya kwanza kumgeukia kwa kuuliza, awaambie siri ya shamba lake.

"Siri gani?" Virginie alisema. "Avoka imeua maharage yangu na kivuli. Mushebeye ilianguka ikavunja grevilia mbili. Hakuna hata moja yenye kunyoka. Miye sikupanda vile sababu ya akili. Nilipanda kila kintu nilikuwa nakosa: kuni, matunda, majani ya mbuzi, dawa ya tumbo. Nilikuwa nakosa bintu mingi."

Walichanganya, kwa kunung'unika. Adélaïde alipanda kila Jumamosi kuchimba mashimo. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemwita mama wa kitu chochote. Alichimba, akafukia, akashuka, akinawa mikono kwenye kijito kabla na baada, kwa sabuni aliyoileta mwenyewe. Kila aliposhika mche alijiuliza ni ubaya gani anaupanda safari hii bila kujua.

Jumapili ya Matawi ilirudi. Isipokuwa zile chache za Virginie, kilimani hapakuwa na sipre ya kukatwa, na padri alisema tawi ni tawi, Mungu haulizi jina lake. Matawi yalitoka pale yalipokuwepo. Virginie alikata kidogo kwa kila mti, avoka, grevilia, mushebeye, hata mikaratusi, akayafunga pamoja, akasimama mlangoni mwa kanisa kuyagawa. Hakuna aliyempigia vigelegele, lakini mstari ulikuwa mrefu.

Adélaïde alijiweka mwisho. Kila aliyekuja nyuma yake alimpisha apite mbele. Mstari ukafupika, ukaisha, akabaki yeye. Alinyoosha mkono. Alikuwa ameamua mapema kwamba akipitwa hatalia, ataingia mikono mitupu na kukaa pale pale alipokaa Virginie mwaka ule.

Virginie aliutazama mkono. Hakuwa na haraka. Aliushika kwenye kifundo, akaugeuza kiganja juu, akakipitisha kidole gumba chake kigumu katikati, kuanzia vidole hadi chini, kama mtu anayekagua viazi sokoni.

"Umenawa?" aliuliza.

"Nimenawa."

Virginie alichagua tawi dogo la avoka, lenye majani mawili yaliyotobolewa na wadudu, akaliweka pale kiganjani.

"Hii hapana ya kupanda," alisema. "Ni ya kushika tu." Akageuka, akaingia kanisani.

Adélaïde alilishika. Alilishika misa nzima, kwa mkono ule ule, mpaka bega likamuuma, na hakuthubutu kulihamishia mkono wa pili.